Kisima cha Msellem

Asubuhi ile utando ulikuwa na njaa. Niliusikia kwenye hedifoni kabla hata chai yangu haijapoa. Mdundo wake wa kila siku ni wa haraka, kama mtu anayetwanga na wageni wako mlangoni. Siku ile ulikuja mmoja, ukanyamaza, ukaja mwingine wa kivivu, ukanyamaza tena.

Mtu asiyejua kazi yetu angefurahi. Angesema, alhamdulillahi, sumu imekwisha, utando hauna cha kula. Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehama.

"Injinia," nikaita, "hebu njoo usikilize mambo."

Injinia Ndelwa ndiye mkuu wetu wa kituo, mtu wa Iringa, mpole mpaka anaudhi. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoyafumbua hakunitazama.

"Imetupita pembeni," akasema. "Inateremka mjini."

Jaa la Kware lilifungwa mimi nikiwa msichana. Walilifunika udongo, wakapanda nyasi, mkubwa mmoja akaja akakata utepe, watu wakapiga makofi wakaenda zao. Chini ya nyasi zile yalibaki mabetri, madawa yaliyooza, rangi, na mapipa yaliyoletwa kutoka viwanda ambavyo mpaka leo hakuna aliyekubali kuvitaja. Kila mvua ikinyesha, maji yanapenya humo, yanabeba yanachobeba, yanateremka chini kwa chini kuelekea bondeni, kwenye visima vya bomba vinavyonywesha mji wote wa Mzambarauni. Mwendo wa maji ya ardhini ni wa kinyonga. Lakini kinyonga naye hufika.

Utando ndio dawa tuliyonayo. Ni kuvu ya kufugwa, nyuzi nyeupe nyembamba, inakula sumu ikaimaliza kabisa, na mdundo ninaousikia ni wa kula kwake. Ikiwa changa tunailisha pumba za mpunga. Ikishaonja sumu, pumba haizitaki tena. Ila ina kasoro mbili. Ya kwanza, haiendi kuitafuta sumu, mpaka iletewe. Unachagua kisima kimoja kilichokaa kwenye njia ya maji, unaushusha utando kwenye kuta zake, unavuta kwa pampu, na sumu yote iliyo ardhini inageuza uso kukifuata kisima hicho. Ya pili, utando unakula plastiki. Ukiuweka kwenye kisima cha kisasa, unaanza na bomba lenyewe. Unataka ukuta wa mawe.

"Kwa hiyo tunahitaji kisima cha mkono," Ndelwa akasema, akitandaza ramani. "Kirefu, cha mawe, kati ya jaa na mji. Na ukiacha hiki chetu cha kituoni, kipo kimoja tu."

Akaweka kidole. Sikuhitaji kuinama kusoma.

"Hicho ni cha kaka yangu," nikasema.

"Najua, Saumu. Ndiyo maana sitaki kumtuma mtu mwingine kwa mama yako."

"Umeniona mimi ndiye nisiye na haya?"

"Nimekuona wewe ndiye atakayemsikiliza. Masika ikituwahi, maji yatapanda, na sumu itaingia visima vya bondeni kwa mkupuo. Hapo itabidi tuwaambie watu wahame. Wahamie wapi?"

Nilikunja ramani yake vibaya kwa makusudi, nikatoka.

*

Kaka yangu Msellem alikufa kijana, hajaoa. Mama akauza shamba la minazi alilorithi kwa babu, akamchimbia kisima cha sadaka. Kwetu jambo hilo linaeleweka: maiti amekatikiwa na matendo yake, lakini kila kiumbe anayekunywa maji ya sadaka yake, thawabu humfikia kaburini. Mama alikataa mashine. Alisema thawabu za mashine itapata mashine. Kikachimbwa kwa sururu, na mawe ya kujengea alibeba yeye na wanawake waliokuwa wakiokota taka. Alikiweka kando ya barabara ya Kware, kwa sababu waokotaji hawakuwa na maji, na mwenye kiu ndiye anayeomba dua kwa moyo.

Tangu hapo kila siku yeye yuko pale baada ya alfajiri. Anateka, anawapa wapitanjia, nao wanakunywa na kusema, "Mungu amrehemu Msellem." Basi. Hiyo ndiyo furaha ya mama yangu hapa duniani, hana nyingine, hata mimi si mshindani wake.

Nilimkuta anasuuza ndoo. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Wala hakuniangalia.

"Kwa hiyo mnataka kukigeuza choo," akasema.

"Si choo, Mama."

"Uchafu wa mji mzima uingie humu, na watu wasinywe. Haya, nipe jina lake lingine."

Nikavuta ndoo nyingine, nikaanza kuisuuza.

"Maji yenyewe yameharibika?"

"Hapana. Ni mazuri kuliko ya mjini."

"Basi kosa lake nini?"

"Hakina kosa. Kimekaa njiani tu."

Alicheka kicheko kikavu. "Na thawabu za Msellem zitatoka wapi? Hilo mmelipima kwenye mitambo yenu?"

"Mama, watoto wa Mzambarauni..."

"Usinitishe kwa watoto wa watu, Saumu. Mimi nimezika wa kwangu." Akainuka, akamimina kata ya maji akanipa. "Kunywa, umetembea juani. Na ukimaliza mwambie bwana mkubwa wako kwamba wito nimeuitika, neno nimelikataa."

Nikanywa. Nikasema Mungu amrehemu Msellem. Nilikuwa nalia, na mama aliona, akajifanya hakuona.

*

Mama hakulala siku zile. Namjua mama; akiwa na jambo husugua masufuria yasiyo na masizi. Mwishowe akaniambia nimsindikize kwa Ustadh Haruni, anayesomesha watoto Kurani chuoni.

Ustadh alitukaribisha barazani. Akakisikiliza kisa, akauliza maswali ya maana, tena mengi kuliko aliyowahi kuniuliza mkaguzi yeyote wa serikali. Kisha akajikuna ndevu.

"Tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka," akasema. "Na udhia gani mkubwa kuliko sumu kwenye maji ya watu? Ninatumai Msellem atapata ujira wake."

"Unatumai," mama akasema. "Sikuja kutafuta matumaini, Ustadh. Thawabu zitamfikia au hazitamfikia?"

"Sijui, Mama Msellem. Na yeyote atakayekwambia anajua, muulize kaambiwa na nani."

Nilidhani mama atakasirika. Alishukuru, akaaga, tukatoka. Tulikuwa tumekwisha kupita soko la ndizi ndipo aliposema, "Unayakumbuka mabuti ya kazi ya kaka yako?"

"Yale ya kuachwa nje?"

"Hayo. Nilikuwa nayaosha mimi." Akasimama palepale, watu wakitupita huku na huku. "Yakitoa maji ya bluu. Alikuwa utingo wa gari la taka, unajua hilo. Usichojua ni kwamba mapipa mnayoyasema ninyi, aliyabeba yeye. Yeye na wenzake, begani, hawana hata glovu. Akirudi anasema, Mama, leo tumemwaga kitu hata panya wamekimbia. Tunacheka. Nilicheka naye, Saumu! Mpaka mikono ikaanza kubabuka, na kifua, na lililofuata unalijua."

"Mama..."

"Sijamaliza. Sumu yenu hiyo ameipeleka mwanangu kwa bega lake. Hakujua. Aliyemtuma alijua, lakini huyo hatumjui. Sasa inateremka kwenda kuua wana wa wenzangu, na mimi nimekaa juu ya kisima nahesabu thawabu?" Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Chukueni. Kichukueni kabla sijabadili shauri. Ila mniachie Ijumaa moja watu waje wanywe mara ya mwisho."

Wahenga walisema mwana ni kidonda. Nilimshika mkono mama yangu, nikaona jinsi ulivyokuwa mwepesi, na nilitamani kwa moyo wote kwamba angeendelea kukataa.

*

Ijumaa ile walikuja hata nisiowatarajia. Waokotaji wa zamani, sasa wazee wenye wajukuu. Madereva waliowahi kunywa wakipita. Watoto wa chuoni, wamepangwa mstari na Ustadh Haruni. Mama aliwapa kwa mkono wake mwenyewe, kata baada ya kata, na kila mmoja akamrehemu Msellem kwa sauti. Kina mama wengine walijaza vichupa wakaenda navyo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekosekana, Bi Tabu, shoga wa mama. Alikuwa Handeni msibani.

Alasiri tukaanza. Utando ulishushwa kwa kamba ukiwa umetandazwa kwenye magunia ya katani yenye pumba, mweupe, unanukia udongo wa mvua. Ukashika mawe. Tukaacha uchukue siku zake, kisha Ndelwa akawasha pampu, nami nikavaa hedifoni. Kwanza kimya. Halafu kwa mbali, mdundo. Ukaongezeka. Ukawa ule wa kutwanga, halafu wa watwangaji wengi kwa pamoja. Sumu ilikuwa imegeuka.

"Umeitikia!" Ndelwa alipiga makofi kama mtoto.

Nilivua hedifoni. Nilichungulia kisimani, na hilo ndilo lililonitia baridi: maji yalikuwa vilevile. Meupe, matulivu, hayana harufu. Mgeni asingejua tofauti. Tukaweka kibao chenye fuvu na maandishi mekundu. Mfuniko haukuwezekana, kwa sababu utando unataka hewa, kwa hiyo tukafunika kwa wavu wa chuma na kuzungusha uzio wa waya. Uzio ule haukumaliza mwezi. Wauza chuma chakavu wakaubeba.

*

Lazima nimseme Bi Tabu vizuri, maana waliomjua wamebaki wachache. Alikuwa muokotaji wa Kware tangu utoto wake, mdogo wa umbo, mdomo mkubwa, mcheshi. Gari la Msellem likimwaga, kaka yangu alikuwa akimtengea vitu vizuri kabla wengine hawajavamia: masufuria, nguo, siku moja hata redio inayoimba. Msellem alipokufa, Bi Tabu aliapa kwamba hatalala hata siku moja bila kunywa maji ya kisima chake na kumwombea. Na hakuwahi kukosa, mpaka msiba wa Handeni.

Nilikwenda kuchukua vipimo asubuhi moja, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kisima. Wavu umesogezwa. Kopo lake la kamba liko mapajani, anasukutua mdomo.

"Bi Tabu! Umefanya nini?"

"Shikamoo yako iko wapi, we mtoto?"

"Shikamoo. Bi Tabu, umekunywa maji hayo?"

"Marahaba. Nimekunywa, na jana nimekunywa, na tangu nirudi nakunywa. Nina deni la siku nilizokuwa Handeni, nazilipa."

"Hukuona kibao?"

"Nimekiona, nimekisoma. Nimesoma mpaka darasa la saba, unasahau." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Saumu mwanangu, maji ya sadaka hayadhuru. Mambo yenu ya kitaalamu siyakatai, lakini ninyi mmefunga mlango wa yule mtoto, mnataka alale na njaa huko aliko? Mama yako hawezi kusema, ni mama. Nikasema mimi nitamnywea, hata kama ni peke yangu."

Nilimbeba. Kwa kweli nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari la kituo, yeye akicheka na kunipigapiga bega, akisema hajabebwa hivi tangu harusi yake. Hospitali walijitahidi. Ini lilikuwa limekwisha kushikwa. Macho yakawa manjano, miguu ikavimba, na kile kicheko kikaondoka.

Mama hakubanduka kitandani pake. "Tabu," alikuwa akimwambia, "kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo!"

"Ndiyo maana," Bi Tabu akasema. Masika ilipokolea tukamzika.

*

Siku ya tatu ya matanga Ndelwa alikuja na majibu ya maabara. Visima vya bondeni vyote safi. Mvua ilikuwa imenyesha kama ilivyotabiriwa, maji yalikuwa yamepanda, na hata tone la sumu halikufika mjini. Akamwinamia mama pale mkekani.

"Mama, mmeuokoa mji."

"Na Tabu?" mama akauliza.

Ndelwa akazikunja karatasi zake, akaketi mkekani na waombolezaji.

Mimi nilinyanyuka nikatoka moja kwa moja hadi kituoni. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Watu wangeendelea kuja. Kisima kimewazoesha maji kwa miaka yote ile, na aliyekizoea hasomi kibao, au anasoma na kusema kama Bi Tabu. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi ya pampu. Ndelwa alinifuata akihema.

"Ukizima, unajua kitakachotokea."

"Najua."

"Sumu iliyokwisha kugeuka itarudi bondeni, tena na masika hii..."

"Nimesema najua, Injinia! Mimi ndiye ninayeusikiliza kila siku."

Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akainamisha kichwa. Hakunizuia. Hilo nalo lilinichoma, maana laiti angenishika mkono ningemsukuma na kuzima. Alinipa nafasi ya kufikiri, na nikifikiri ninawaona wale watoto wa chuoni kwenye mstari wao, wanakwenda nyumbani kufungua mabomba.

Sikuzima. Kuna mama mmoja amekufa kwa kazi ya mikono yangu, na kazi hiyo bado naifanya, na nikiambiwa leo nichague upya nitachagua hivyo hivyo, na sitalala vizuri. Anayetaka kunisifu anipishe.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa anamalizia kufunga kitambaa kichwani. Ametoa kigoda chake nje.

"Uzio mtauweka utaibwa," akasema. "Mlinzi mtamweka atalala, au atawaonea watu haya. Kibao wanakisoma wanapita. Nitakaa mimi."

"Mama, wewe huwezi. Watu watakutukana."

"Watanitukana, kwani nini? Mimi ndiye niliyewazoesha. Nani mwingine watamwamini akiwaambia pana sumu?"

*

Siku ya kwanza nilikwenda naye. Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua, barabara inatoa mvuke. Mama alikaa kando ya kisima, mikono mitupu, na ile mikono haikujua pa kukaa; mara aiweke magotini, mara akunje kanga. Chini yetu utando ulikuwa unakula, nikiinama ningeweza karibu kuusikia bila hedifoni.

Akatokea mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mzigo wa mkaa kichwani. Ametembea kutoka mbali, miguu imejaa tope mpaka magotini. Akatua mzigo, akashusha pumzi.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa hapa pana maji ya sadaka."

Nikaona mkono wa mama unatafuta kata ambayo haikuwapo.

"Marahaba, mwanangu. Yalikuwepo. Sasa hayanyweki."

"Nayaona haya hapa, meupe. Kidogo tu, nimlowanishe mtoto mdomo."

"Hapana."

"Bibi, kwa ajili ya Mungu."

"Kwa ajili ya Mungu huyo huyo, hapana. Yana sumu. Yameua. Nenda mbele, ukifika mjini bomba la kwanza ni hapo kwenye msikiti, kunywa ushibe. Ni safi kabisa, mwanangu huyu ameyapima."

Mwanamke alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama maji. Mtoto alikuwa analia. Akajitwisha mzigo wake kwa hasira.

"Uzee na roho mbaya," akasema, si kwa kunong'ona. "Hata maji!"

Nilitaka kumfuata nimweleze huyu ni nani. Mama akanivuta gauni.

"Mwache. Atakunywa huko mbele, na mtoto wake atakuwa mzima."

Alimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona. Ndipo akainama, akaweka kipaji cha uso kwenye mawe ya kisima, akalia kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akilia hivyo tangu jeneza la Msellem litolewe ndani. "Nisamehe, baba," alikuwa akisema, "nisamehe, mwanangu, namnyima mwenye kiu mbele yako." Nilimshika mabega, nikalia naye, maana kama thawabu zinamfikia au hazimfikii, Ustadh hakujua na mimi sijui.

Baadaye akajifuta, akakaa sawa, akafunga kanga upya. Nilibaki naye mpaka jua lilipopinda. Walikuja wengine, na wote aliwanyima.